Dua Twaisoma, na Breki Je?

Sisi watu wa pwani twapenda kuipamba motokaa kuliko kuikagua. Panda gari la Mwislamu yeyote baina ya Lamu na Vanga ujionee mwenyewe. Kwenye kioo cha mbele pametundikwa Ayatul Kursiyyu yenye nakshi za dhahabu. Nyuma pamebandikwa Mashaallah ya kukinga jicho la hasidi. Viti vimevishwa mahameli, na harufu ya udi inakupokea kabla hujaketi. Pengine chini ya kiti cha dereva mna hirizi aliyoifunga bibi. Hayo yote ni mazuri, wala mimi si mtu wa kuyafanyia mzaha. Lakini sasa shuka, uiname, upitishe kidole katika tairi la mbele. Ikiwa kidole kinateleza kama juu ya kichwa cha mzee aliyenyolewa jana, basi nina neno na mwenye gari hilo. Naogopa aya ile aliyoitundika itakuja kuwa shahidi juu yake.

Gari bovu tumezoea kulihesabu kuwa ni hasara ya mwenyewe: lake limeharibika, fedha zake zimekwenda, sisi tuna nini? Hesabu hiyo haikai sawa. Katika miaka hii ya karibuni Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, na fungu kubwa kuliko yote katika hao ni watu waliokuwa wakienda kwa miguu yao. Yaani wameuawa na vyombo wasivyovimiliki, visivyowabeba, na ambavyo pengine hawakuwa hata na tamaa navyo. Tairi lako likiwa kipara, mwenye kulilipa ni mwingine. Hilo ndilo ninalotaka tuambizane leo, na pahali pa kuambizana ni Laini Saba.

Msomaji wa Mombasa ataniuliza, ya nini kwenda mbali hivyo? Si mbali. Kibera kwetu ni nyumbani kwa pili. Wanubi, askari wa King's African Rifles na jamaa zao, walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, wakapaita kibra, yaani msitu kwa lugha yao, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza ardhi ile kuwa ya jeshi. Wenyeji husimulia kwamba jina la Laini Saba lilitokana na uwanja wa askari hao wa kulengea shabaha. Uislamu hapo una umri sawa na mtaa wenyewe, na vijana wetu walioajiriwa Nairobi wengi wao wamepata jamaa na wakwe huko. Kwa hivyo motokaa za pwani hazikatiki kuelekea Kibera: ikiwa si harusi ni hitima, ikiwa si hitima ni kwenda kumtazama mgonjwa. Na nyuma mna madafu, maembe na gunia la nazi, kwani mtu wa pwani haendi mikono mitupu.

Basi motokaa hiyo ikifika Laini Saba huwa imeingia katika nchi ya watu wanaotembea. Wenye magari humo ni wa kuhesabika. Kuna vichochoro ambavyo ukinyosha mikono yako miwili unagusa kuta mbili za mabati. Mgonjwa hubebwa mgongoni au hulazwa juu ya mkokoteni mpaka palipo na lami. Reli ya zamani ya kwenda Kisumu inapita mtaani, na watu wameifanya njia ya miguu. Bidhaa zimepangwa kando yake, treni ikipiga honi wanasogea, ikisha kupita wanarudi pale pale. Hapo mwenye injini ndiye mgeni, na mwenye miguu ndiye mwenye nyumba.

Hata barabara yenyewe mgeni huyo hakujengewa bure. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road. Watu waliokadiriwa kufika 30,000 walivunjiwa nyumba, na shule zikaangushwa pamoja nazo. Sisemi kwamba njia haikuhitajiwa; msongamano wa Nairobi unajulikana na kila mtu. Nasema kwamba mwenda kwa miguu amekwisha kuilipia barabara hiyo kwa paa la nyumba yake. Wewe unayekatiza hapo kwa dakika chache ukiwahi Langata, usimlipishe tena kwa mguu wa mwanawe.

Sasa tuitazame safari tangu mwanzo wake, maana ubaya hauanzii Kibera. Unaanzia uani kwetu, usiku wa kuamkia safari.

Mababu zetu walikuwa na majahazi, na jahazi halikuingia maji ila limekwisha kutazamwa. Kazi hiyo ilikuwa na miadi yake. Kusi kikichacha, vyombo hupwelezwa, vikasuguliwa, vikakalafatiwa kwa pamba, vikapakwa sifa juu na deheni chini, na nahodha mwenyewe husimama hapo mguu pande akihesabu kila msumari. Nahodha aliyetweka tanga na huku chombo chavuja hakusifiwa ushujaa. Alikosa wa kumpakilia shehena mara ya pili. Angalieni basi maneno tunayoyatumia garini. Usukani ni wa chomboni. Nauli ni ya chomboni. Shehena ni ya chomboni. Majina yote tumeyahamisha kutoka baharini tukayapandisha nchi kavu, na ile adabu ya kukagua chombo tukaiacha ufukoni ikioza pamoja na mbao.

Tuanze na matairi. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vilivyowekwa na mtengenezaji kwa makusudi. Uso wa tairi ukisha kulika hata ukawa sawasawa na vinundu hivyo, tairi hilo limekwisha, ujapoona kwamba lina sura. Tena ubavuni mna tarakimu nne ndani ya duara refu. Ukisoma 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Wauzaji wa matairi ya mkono wa pili hawapendi mteja anayejua kuzisoma, na hiyo peke yake ni sababu ya kuzisoma. Mpira huzeeka kama mtu, ujapokuwa haukutembea. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, maana tairi lisiloshiba upepo hujikunja kila linapozunguka, likapata moto, na katika jua la Taru na Voi, gari limejaa watu na nazi, hilo ndilo tairi linalopasuka. Kipimo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na kipimo chao huwa 220 au 230. Usishtuke, kigawanye kwa 7 takriban na utapata 32 au 33 ya pampu zetu.

Hapo nimegusa jambo linalonichekesha na kunisikitisha pamoja. Kenya hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka 8 kuingizwa nchini, na karibu yote yateremkayo bandari ya Mombasa yametumiwa na Mjapani kwanza. Yanakuja na kitabu chake kizuri cha maelezo, kimeandikwa Kijapani tupu. Ukiliwasha asubuhi, bibi mmoja wa ndani ya gari anakuamkia kwa Kijapani, na wewe huijui salamu yake wala huwezi kumjibu. Redio yake haishiki hata nusu ya stesheni zetu. Tunaishi miaka 10 na kitu kinachosema nasi kila siku, nasi hatujui kinasema nini! Basi taa nyekundu zikiwaka mbele ya dereva yeye huzihesabu kuwa ni katika mapambo. Wapo wanaozibandika karatasi zisimkere mtu usiku. Lakini taa ile yenye sura ya birika la mafuta haina haja ya mkalimani: ikiwaka, zima injini hapo hapo ulipo, pembeni mwa njia, kabla hujaua injini yako.

Maji ya rejeta nayo yana habari yake kwetu. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na mtu huchota ndoo kisimani akaimimina katika rejeta kama anayenywesha ng'ombe. Chumvi hiyo hula mabomba kwa ndani, kimya kimya, mpaka siku anapopanda kuelekea Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, injini inachemka porini usiku. Tumia ile dawa ya rangi ichanganywayo na maji safi, na ukikosa kabisa, maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima. Na mfuniko wa rejeta yenye moto usifunguliwe. Mvuke wake unambambua mtu uso. Ngoja ipoe, hata ikiwa wenye harusi wanapiga simu.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote, kwa sababu hayapungui upesi mtu akayaona. Mafuta hayo yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, na pwani hewa yetu ni unyevu mtupu. Yakisha kuvuta maji, siku breki zitakapopata moto katika mteremko mrefu, maji hayo hugeuka mvuke ndani ya bomba, na mguu wa dereva hukanyaga hewa. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Wapo wanaoyaongeza kwa maji ya bomba ili kuokoa shilingi mia chache. Sina adabu ya kutosha kuwaelezea hao. Katika mteremko, kama ule wa kutoka Mazeras kushukia Mombasa, punguza gia, uiachie injini ikushike, usilale juu ya breki.

Nani afanye kazi hizi? Mimi namtetea fundi wa jua kali. Kawangware karibu na kituo cha 46, Kibera kandokando ya barabara, Mombasa chini ya miembe yetu, wako watu wenye spana kumi na gunia la kulalia, ambao wakisikia injini inanguruma wanakuambia beringi gani imekufa, kama vile mwalimu wetu wa chuoni, macho kafumba, alivyokuwa akisikia kosa la herufi moja kutoka kwa mtoto aliye mwisho wa safu. Elimu hiyo haikushuka katika karatasi, nayo ni elimu. Mbaya ni sisi wateja. Fundi akikutajia pedi za breki za bei tatu, unachagua ya chini. Akikuambia na hii springi imekatika, unamwambia ifunge waya kwanza, nitarudi. Harudi mtu. Kisha gari likiua, tunasema fundi wa jua kali ni mwongo. Mnunulie kifaa kilicho sawa, simama naye akifanya kazi, mlipe haki yake jasho lisijakauka. Mwambie pia ile oili nyeusi aliyoimwaga aikinge katika mtungi, wala asiiache ishuke mtaroni. Mitaro ya Laini Saba inateremka mpaka Nairobi Dam, na katikati yake pana watoto wasio na viatu.

Motokaa imekaguliwa, watu wamepanda, dua inasomwa. Nani amekaa wapi? Tangu Februari 2004, zilipoanza zile kanuni za marehemu waziri John Michuki, hata abiria wa matatu anatakiwa kujifunga mkanda. Sisi katika motokaa zetu za kifahari tunampakata mtoto kiti cha mbele, na baba mwingine humweka mwanawe baina ya tumbo lake na usukani ati amfundishe udereva. Yale mapuliza ya hewa yaliyofichwa mbele ya kiti hulipuka kwa nguvu ya kumvunja shingo mtoto aliyepakatwa. Mtoto akae nyuma, afungwe, alie. Kulia hakujamwua mtu.

Njiani tatizo letu ni haraka. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 na ushei, malori mbele, malori nyuma, na dereva wetu hujisifu kwa saa alizotumia. Dini imempunguzia msafiri: sala imefupishwa, imeruhusiwa kukusanywa, saumu imeahirishwa. Nafuu hizo alipewa ili asitaabike. Yeye anazipokea zote kisha anajitwika taabu ambayo hakuamrishwa na mtu, ya kufika kabla ya fulani. Simama Mtito Andei, sali, nyosha miguu, kunywa chai, lala nusu saa ikiwa macho mazito. Na mwezi wa Ramadhani uko mwendo mmoja ninaouogopa kuliko yote, mwendo wa kuwahi futari. Nusu saa kabla ya magharibi, jua liko machoni, tumbo tupu, mwendesha gari anakimbiza uji wa mtama barabara nzima. Tende moja na chupa ya maji kando ya kiti zingemtosha kufuturu popote adhana itakapomkuta. Habari ya bedui na ngamia wake asiyefungwa tumeisikia kwenye mawaidha mpaka imekuwa hadithi ya kulalia. Sijasikia bado khatibu aliyeitia katika breki na matairi, na mimbari zetu nyingi ziko barabarani kabisa.

Ukiingia Nairobi usishindane na matatu. Zile zina mila yake tangu siku za nauli ya mapeni matatu, na dereva wake anaijua kona ambayo wewe ndio kwanza unaiona. Mwachie apite. Mvua ikinyesha, na mvua ya masika ya 2024 iliwaonyesha watu wa Nairobi maji yanavyoweza kubeba gari kama ganda la nazi, usiingie katika maji usiyoiona chini yake. Injini ikivuta maji badala ya hewa imekufa papo hapo. Ikiwa ulipita mahali pa maji kidogo na ukatoka salama, kanyaga breki polepole mara kadhaa zikauke kabla hujazihitaji.

Kwa kweli, kama safari yako ni ya Laini Saba tu, na huna mgonjwa wala mzee, mimi ningekushauri upande treni, ambayo tangu 2017 inaondoka Mombasa na kufika Nairobi siku ile ile, kisha ushike gari la namba 8 la Kibera kama watu wengine. Nazi zitafika tu. Lakini najua hutanisikia, maana harusini mtu hutaka aonekane ameshuka katika chake.

Basi ukenda nayo, iache palipo na lami na nafasi, umlipe kijana wa kuilinda bila kubishana naye, ukatembee. Usiilazimishe kuingia katika kichochoro kwa kuwa mwenyeji wako ameona haya kukuambia haipiti. Usipige honi nyuma ya mwanamke aliyejitwika ndoo ya maji. Atageuka, maji yatamwagika, na maji hayo ameyanunua. Ikiwa ni Ijumaa, usiegeshe mbele ya mlango wa msikiti wala kwenye mdomo wa njia. Haya tunayafanya hata Mombasa, safu tatu za magari njia nzima, jeneza halipiti, gari la zimamoto halipiti, na wenyewe tumo ndani twaitikia amina. Chuoni tulisomeshwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Hatukusomeshwa kwamba udhia ukiwa ni Toyota mpya basi hukumu yake ni nyingine. Kibera moto ukishika nyumba ya mabati, dakika ambazo gari lako limeziba njia zinahesabiwa kwa vyumba.

Na saa ya kuondoka, mkisha kuagana, kabla hujafungua mlango, zunguka motokaa yako yote kwa miguu, kisha uiname utazame chini yake. Watoto wa Laini Saba hawana uwanja mkubwa wa kuchezea wala miti mingi, na mchana wa jua kali kivuli kilicho karibu nao kabisa ni cha uvungu wa gari la mgeni.